Nani anashika simu ya shosho wako?

Mara ya mwisho ulimtumia shosho pesa ilikuwa lini? Sawa. Sasa niambie, ni nani aliyeenda kuzitoa kwa ajenti?

Kama jibu lako ni "si ni yeye mwenyewe," ngoja kidogo. Wengi wetu tulio Nairobi, Mombasa, Nakuru au Kisumu tunawatunza wazee wetu kwa simu. Mwisho wa mwezi tunatuma elfu moja, mbili kama kazi imejipa, ujumbe wa M-Pesa unaingia na jina lake kamili, roho inatulia. Lakini ujumbe huo unakuonyesha laini iliyopokea pesa. Haukuonyeshi mkono ulioshika simu.

Naanzia hapo kwa sababu dhuluma dhidi ya wazee ikitajwa, akili zetu hukimbilia rungu, damu na taarifa ya habari ya saa moja jioni. Hiyo ipo, na nitaifikia. Lakini nyingi haina kelele. Inafanywa na mtu anayemletea mzee chai, anayejua dawa zake zinakaa wapi, ambaye kijiji kizima kinamwita "yule kijana mzuri anayekaa na mamake."

Shirika la Afya Duniani, WHO, linaeleza dhuluma hii kuwa kitendo cha mara moja au cha kurudiarudia, au hata kukosa kufanya lililopasa, ndani ya uhusiano ambao mzee alitarajia kuaminiana, na kikamletea madhara au dhiki. Rudia hapo kwa "kukosa kufanya." Kumwacha bila dawa ya presha wiki mbili ni dhuluma hata kama hukumgusa. WHO hao hao wanakadiria kwamba mtu mmoja kati ya kila sita wenye miaka 60 kwenda juu hupitia dhuluma ya aina fulani ndani ya mwaka mmoja, huko huko wanakoishi na jamii. Hesabu wazee sita unaowajua kwa majina. Haikuchukui dakika. Na hapa kwetu, sensa ya 2019 ilipata watu zaidi ya milioni 2.7 waliofikisha umri huo.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, kwa hivyo usinichukue kama wakili. Lakini Katiba ya 2010 haiulizi mtu digrii ndipo aisome. Kifungu cha 57 kinataka wazee waishi kwa hadhi na heshima, wasidhulumiwe, na wapate matunzo yanayofaa kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Familia imetajwa hapo. Yaani ni wewe, ni mimi, na ni yule binamu wa Ruiru ambaye hachangi kitu lakini kwenye group ya familia ana maoni kuhusu kila jambo.

Sasa, utajuaje? Usitafute kidonda kwanza. Uliza nani anashika vitu vinne: simu, kipande, karatasi za shamba na ufunguo wa mlango.

Simu ndiyo yetu sisi vijana, kwa hivyo tukae hapo. Wazee wengi hawaoni maandishi madogo, na huo mtambo hawakuzaliwa nao. Mjukuu anasoma ujumbe, anaingiza namba ya siri, anaenda kwa ajenti. Mwanzoni huo ni msaada wa kweli kabisa. Mambo huharibika pale namba ya siri inapogeuka kuwa mali ya msaidizi. Leo ametoa elfu mbili akasema zilikuja elfu moja mia tano. Kesho amegundua Fuliza. Mwezi ujao kuna mkopo kwenye laini ya mzee ambao mzee mwenyewe hajui hata unaitwaje, na kila ukituma pesa deni linazimeza kabla hajanunua sukari.

Kwenye ploti tunayoishi huku Eastlands kuna mama wa miaka sabini na kitu ambaye watoto wake wawili wako Ughaibuni. Pesa zinakuja kila mwezi, na si kidogo. Lakini kila tarehe kumi hivi alikuwa akibisha mlango wetu kuomba unga, ati ameishiwa. Mtoto wa tatu, anayeishi naye, ndiye aliyekuwa na simu. Mwendawazimu wa kubeti. Majirani wote tulijua, na kwa miezi kadhaa tulikuwa tukisema "masikini mathe" huku tukipima unga kwa kikombe. Hakuna aliyekuwa akiita jambo hilo kwa jina lake, ambalo ni wizi.

Ukienda kumsalimia mzee wako, kaa naye chini, muombe ruhusa, na mfungue pamoja taarifa ya miamala ya M-Pesa. Usimpokonye simu, maana hapo utakuwa umegeuka kuwa yule yule tunayemsema. Tazama kama pesa hutolewa zote dakika chache baada ya kuingia. Tazama mikopo. Kama laini ni ya Safaricom, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Ukikuta moja asiyoijua, kuna mtu ametumia kipande chake. Piga pia *100*100# ili laini hiyo isibadilishwe kiholela na mtu mwingine kwa ajenti wa mtaani. Halafu achague namba ya siri mpya yeye mwenyewe, na isiwe mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu huo kila mtu ameuona kwenye kipande.

Kipande nacho kina hadithi yake. Ndicho kinachofungua mlango wa Inua Jamii, zile shilingi 2,000 kwa mwezi ambazo Serikali huwapa waliotimu miaka 70. Ukifuatilia habari unajua pesa hizi huchelewa, halafu zinakuja za miezi kadhaa kwa mpigo. Mwizi wa nyumbani anaupenda sana uchelewaji huo. Anamwambia mzee "bado hawajatuma," na mzee anaamini, kwa sababu mara nyingi ni kweli hawajatuma. Mpango wenyewe unaruhusu mzee asiyeweza kutembea awe na mlezi wa kumchukulia pesa. Ni sawa. Ila wewe uliye na bando unaweza kujua malipo yametangazwa lini, ukampigia siku hiyo hiyo: "Shosho, nasikia Inua Jamii zimeingia, umezipata?" Swali hilo likiulizwa kila mara na mtu wa mbali, mlezi anajua kuna macho.

Karatasi za shamba sitazimaliza hapa, hilo ni somo refu. Jua tu dalili: mzee anaitwa ghafla mjini "kusaini kitu kidogo," anawekwa kidole gumba kwenye karatasi ambayo hakusomewa, kunatokea mgeni anayepima mipaka. Shamba la kilimo haliuzwi bila idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na mbele ya bodi hiyo mzee anaweza kusema hapana. Mke au mume ana haki ya kuulizwa kabla nyumba ya ndoa haijauzwa. Na ukihofia ujanja, msajili wa ardhi ana mamlaka ya kuweka zuio kwenye hatimiliki ili lisifanyike lolote hadi mambo yachunguzwe. Ombi liandikwe na mzee mwenyewe akiweza, lipelekwe ofisi ya ardhi, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Fanyeni upekuzi rasmi wa hatimiliki mara moja moja pia, hata kama hakuna vita. Ni ada ndogo ukilinganisha na kesi ya miaka kumi.

Ufunguo, sasa hapo ni sisi wa mjini. Kuna mtindo wa kumtoa mzee ushago "aje apumzike," anawekwa ghorofa ya nne Umoja au Pipeline, watu wanaenda kazi saa kumi na moja asubuhi, mlango unafungwa kwa nje. Kwa usalama wake, wanasema. Anashinda na runinga na chupa ya chai hadi saa mbili usiku. Lugha ya jirani haijui. Ngazi hazimudu. Kanisa lake au msikiti wake uko kilomita mia tatu. Siku moto ukitokea, nani atafungua? Sisemi kila aliyefunga mlango ni mhalifu. Wazee wengine wana ugonjwa wa kusahau na wakitoka wanapotea kweli. Lakini kumfungia mtu mwenye akili timamu ndani ya nyumba siku sita kwa wiki kunaitwa kifungo, hata kama kuna Wi-Fi.

Baada ya vitu hivyo vinne ndipo utazame mwili na maneno. Nguo zilizomtosha Krismasi sasa zinamning'inia. Alama kwenye vifundo vya mikono, kana kwamba alishikwa kwa nguvu. Vidonda vya kulalia. Harufu ya mkojo kwa mtu ambaye siku zote alikuwa msafi kupita wote. Miwani iliyovunjika Aprili na hadi Agosti haijatengenezwa. Sikiliza pia anavyoongea. Kama kila swali lako linajibiwa na mtu mwingine, au mzee anaangalia mlangoni kabla ya kujibu, au anasema "mimi ni mzigo tu hapa," hayo hayakutoka hewani. Kuna mtu amemwambia hivyo mara nyingi hadi ameyakariri. Matusi na vitisho, "tutakupeleka kwa wazee wa kanisa wakuchunge," "ukikufa ndio tutapumua," sheria inavitambua kuwa dhuluma sawa na kofi.

Na usikimbilie kuhukumu. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kumshtaki mtu bure kuwa amemwibia pesa ambazo mwenyewe alizificha ndani ya gunia la mahindi. Alama nyeusi huja upesi kwa wanaotumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu. Lakini usiitumie hiyo kama kisingizio cha kutosikiliza. Mtu anaweza kuwa msahaulifu na wakati huo huo anaibiwa. Tena huyo ndiye rahisi kumwibia.

Halafu kuna jambo ambalo makala za mambo haya hupita juu juu: anayemtunza. Familia ikikaa kikao, nani huachiwa mzee? Mara nyingi ni msichana wa miaka kumi na tisa aliyemaliza kidato cha nne na "bado anangoja kujiunga na chuo," au binti aliyeachika akarudi nyumbani. Halipwi. Halali. Anamgeuza mtu wa kilo sabini peke yake usiku. Sisi wengine tunatuma elfu moja na emoji ya maombi. Siku atakapopiga kelele au kumwacha mzee bila kuoga siku tatu, tutamwita mnyama. Kama unataka kuzuia dhuluma nyumbani kwenu kabla haijaanza, mlipe huyo mtu kitu, na mpangeni zamu ili apate wikendi mbili kwa mwezi za kwenda zake. Simtetei anayepiga. Nasema tu kwamba kuna nyumba ambazo mkosaji ni kikao kizima.

Nilisema nitafika kwa yale ya damu.

Oktoba 2021, Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati ulioteketeza miili yao, wakidaiwa kuwa wachawi. Kilifi, hasa maeneo ya Ganze, Magarini na Malindi, wazee wamekuwa wakiuawa kwa madai hayo hayo kwa miaka mingi. Imefika mahali wazee wa huko wanapaka nywele rangi nyeusi, kwa sababu mvi zimegeuzwa ushahidi. Macho mekundu nayo ni ushahidi. Mtu amepulizia moto wa kuni miaka hamsini, unataka macho yake yawe meupe kama ya mtangazaji wa runinga?

Ukichimba, mara nyingi chini ya "uchawi" unakuta shamba. Mzee ana ekari, hajagawa, au amegawa na kuna asiyeridhika. Anayenong'ona huwa ni wa damu, na wanaotumwa kushika panga ni vijana wa rika letu, kwa pesa ambazo ukisikia kiasi chake utalia. Kwa hivyo ukiona kwenye group ya familia mtu ameandika "huyu mzee ndiye anatufunga, tangu lini kuna mtu amefaulu hapa boma," usiweke kicheko. Hapo ndipo mambo huanzia. Hifadhi picha ya ujumbe huo. Sheria ya Uchawi ni ya tangu 1925, imezeeka kuliko shosho, lakini hata hiyo inasema kumtangaza mtu kuwa mchawi kiholela ni kosa la jinai.

Kule Ganze kuna kituo cha Kaya Godoma, kilichoanzishwa na wazee wa kitamaduni wa Malindi, ambako wazee waliotishiwa maisha hukimbilia. Fikiria hilo: mtu amelea watoto wanane, na anazeekea mafichoni akiwakimbia.

Na mjini? Korogocho kuna kina shosho waliojifunza kupiga ngumi na mateke kupitia mpango uliopewa jina la Shosho Jikinge. Walianza kwa sababu vijana walikuwa wakivunja nyumba za wanawake wazee wanaoishi peke yao na kuwabaka, wengine kwa imani ya kipumbavu kwamba mwanamke mzee hana HIV. Video zao ziliposambaa tulicheka, ati shosho ninja. Kama ilibidi mtu wa miaka sabini ajifunze kumpiga mjukuu wa jirani, mimi sioni cha kuchekesha. Ikitokea kwa mtu wenu, Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 haina umri wa mwisho wa mwathiriwa. Asioge, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, sio wa plastiki, na afike hospitalini kabla ya saa 72 kwisha ili apewe dawa za kuzuia HIV. Aibu yake isiwafanye mngoje hadi Jumatatu.

Haya, umeona. Unafanya nini?

Kama kuna hatari sasa hivi, piga 999 au 112. Simu ya 1195 ni ya bure, usiku na mchana, kwa dhuluma za kijinsia, na watakuelekeza hospitali au kituo kilicho karibu. Kama ni mwanamke anayehitaji msaada wa kisheria, FIDA Kenya wana 0800 720 501, ya bure pia. Kituo cha Sheria husaidia wasio na pesa za wakili, hasa mambo ya ardhi na makazi. Serikali nayo ina Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya 2016. Ziandike namba hizo kwa karatasi na uzibandike ndani ya kabati la vyombo la shosho, sio kwenye simu yake tu, kwa sababu tushaongea kuhusu simu.

Kituoni uliza dawati la jinsia. Mzee ana haki ya kuomba taarifa yake iandikwe na afisa wa jinsia yake. Usiondoke bila namba ya OB, hata wakikuambia "rudi kesho." Akiwa ameumizwa, mpewe fomu ya P3 ijazwe na daktari, fomu yenyewe ni ya bure, na picha za majeraha zipigwe siku hiyo hiyo kabla hayajafifia.

Sheria ambayo ningependa uijue kwa jina ni ile ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani, ya 2015. Watu hudhani ni ya mume na mke. Sivyo. Inahusu wanafamilia na wanaoishi pamoja, na orodha yake ya dhuluma ina kupigwa, kutishwa, kutukanwa, kuteswa kihisia, kuharibiwa mali na kudhulumiwa kiuchumi. Kwa hiyo yule mpenda kubeti wa ploti yetu yumo. Mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi inayomkataza mtu kumkaribia mzee, au hata kumtoa kwenye nyumba. Anayeshuku dhuluma anaweza kupiga ripoti polisi, hata akiwa jirani tu, na mzee asiyeweza kufika mahakamani kwa sababu ya ugonjwa au woga anaweza kuombewa amri hiyo na mtu mwingine. Kuna pia Kanuni ya Adhabu, inayomtaka aliyepewa jukumu la mtu asiyejiweza, umri ukiwa mojawapo ya sababu, ampe mahitaji ya lazima ya maisha.

Chifu? Ndiyo, mara nyingi ndiye wa karibu, na mzee wa nyumba kumi pia. Chifu mzuri anaweza kumaliza jambo kwa kikao kimoja. Lakini chunguza kwanza undugu. Kama chifu ni shemeji wa anayedhulumu, mruke, nenda ofisi ya naibu kamishna wa kaunti, au kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, ambaye ndiye pia anayeshughulikia malalamishi ya Inua Jamii. Tulipomsindikiza jirani yetu, ofisi ya kwanza tuliyoingia ilituambia "hayo ni ya familia, mkaongee nyumbani." Ya pili ilisikiliza. Jitayarishe kwa hilo. Beba maji, beba karatasi, na andika jina la kila afisa anayekuhudumia pamoja na tarehe. Ukiwa na daftari wanakuchukua kwa uzito, sijui kwa nini.

Kuna makao ya wazee pia, kwa ambao nyumbani hapakaliki tena. Nairobi kuna Nyumba ya Wazee ya masista kule Kasarani, na makao ya Cheshire ya Kariobangi. Thogoto, upande wa Kikuyu, kuna ya PCEA. Nafasi ni chache na kila moja ina masharti yake, kwa hivyo nenda uulize kabla hujamwahidi mzee. Watu watasema mmemtupa. Waambie waje wamchukue basi.

Sasa lile gumu. Umejua kila kitu, una namba zote, na shosho anakushika mkono anakuambia, "Achana na hayo, mwanangu. Ni damu yangu."

Utakutana na hilo karibu kila mara. Hana haja ya kuona mtoto wake ndani ya Land Cruiser ya polisi, na anaogopa akimpoteza huyo mwizi, nani atamletea maji. Hiyo hofu si ujinga, ni hesabu. Mama wa ploti yetu alikataa kabisa kuandikisha taarifa. Tulichofanya ni kumuuliza yeye anataka nini. Alitaka vitu viwili: laini yake, na asiamshwe usiku kwa kelele. Basi. Watoto wa Ughaibuni wakaanza kulipa kodi moja kwa moja kwa mwenye nyumba, pesa za chakula zikawa zinaenda kwa mwenye duka ambaye anampa vitu kwa daftari, na laini mpya ikafunguliwa kwa jina lake. Kijana alinuna wiki mbili, kisha akahama. Hakuna mahakama iliyoingia. Si kila kisa kitaenda hivyo, na mahali kuna kipigo au panga usingoje ruhusa ya mtu. Lakini kwa mtu mzima mwenye akili zake, msaada unaomnyang'anya uamuzi ni ule ule ugonjwa umevaa nguo safi.

Mwambie pia amri ya ulinzi haimpeleki mtoto wake jela kwa kutolewa tu. Anaingia matatani akiivunja. Wazee wengi hawajui hilo, na wakilijua wanalegeza kidogo.

Na kabla hujarudi mjini, chagueni jirani mmoja anayeaminika mbali na familia, uchukue namba yake. Kisha kubaliana na mzee neno. Kwa sababu ukimpigia, huwezi kujua nani amekaa kando yake na spika imewekwa juu. Iwe kitu cha kawaida kabisa, tuseme, yule kuku mwekundu. Akiwa salama, hamtaji. Siku utakayompigia, umsalimie, na katikati ya habari za mvua akuulize kama unamkumbuka yule kuku mwekundu, wewe cheka, muage vizuri, kata simu, halafu mpigie jirani.